Siku Baiskeli Yangu Ilipopelekwa Josho

Jamani bora niwasimulie mwenyewe, maana ile picha yangu na baiskeli kwenye josho la ng'ombe inazunguka kwenye magrupu na kila anayeituma anaongeza chumvi yake, mara oh alikunywa dawa ya kupe, mara oh alipigwa teke na dume. Hakuna dume aliyenipiga teke. Alikuwa mtamba, na alinigusa tu.

Kwa wasiojua, kuna mchezo unaitwa graveli, unaendesha baiskeli yenye usukani ule wa kupinda chini kama wa watu wa mashindano ya lami, ila mnapita vumbi na changarawe. Na kuna kaka yake anaitwa saiklokrosi, huo Wafaransa na Wabelgiji wanaucheza zaidi ya miaka mia sasa, wanaendesha kwenye tope, wakifika kwenye kizuizi wanaruka chini, wanaitupia baiskeli begani, wanakimbia nayo, wanapanda tena. Watu wazima na akili zao. Mimi tangu lile shindano la graveli la Maasai Mara lianze mwaka 2021 nimekuwa naangalia video usiku mpaka bando linakata, nikajisemea Mara na Arusha ni majirani, vumbi ni lile lile, kwanini mimi nisiwemo.

Tatizo hela. Baiskeli ya graveli mpya ni mamilioni na mimi nina mauntenibaiki, yaani baiskeli ya milimani, ya mtumba, tairi inchi 26, shokapu mbele tu nyuma hamna, breki za V, zile za raba zinazobana rimu. Nikasoma soma nikakuta kuna Mmarekani anaitwa John Tomac, huyo mwaka 1990 alikuwa anashindana milimani na huku yumo kwenye timu ya barabarani, akafunga usukani wa kupinda kwenye mauntenibaiki yake ili mwili usichanganyikiwe, na alikuwa anatembea balaa. Basi mimi nikaona kumbe ni kitu kinachofanyika, nikabeba yangu hadi kwa fundi.

Fundi wangu ni mzee mmoja anafanya kazi chini ya mti, ana boksi la vyuma ambalo sijui kama limewahi kufika mwisho. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. "Kijana wangu, hapa ulikuwa umekaa vizuri kabisa, sasa unataka uiname, huko chini umeangusha nini?"

Ila akafanya. Tukatoa shokapu tukaweka foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya chuma isiyobonyea, baiskeli ikawa nyepesi ila ikainama mbele maana shokapu ni ndefu kuliko foku ya kawaida. Tukaweka usukani wa kupinda aliouchomoa kwenye mzoga wa baiskeli ya resi. Sasa hapo sikilizeni: huo usukani pale pa kushikia ni milimita 23.8, ule wa kunyooka wa zamani ni 22.2, ni milimita moja na ushee tu lakini mikono ya breki ya zamani haiingii hata uipige nyundo. Fundi aliipiga nyundo. Ikabidi tuchukue na mikono ya breki ya ile ile baiskeli ya resi, na kidude cha gia nacho hakikuwa na pa kukaa, fundi akakifunga kwa mpira wa tyubu kwenye fremu karibu na goti langu. Karibu sana na goti langu. Nikikanyaga kwa nguvu goti linabadilisha gia lenyewe, nikawa naambia watu ni otomatiki.

Tukafika kwenye breki na hapa ndipo kesi yenyewe ilipo. Mkono wa breki wa baiskeli ya resi unavuta waya kidogo tu, na breki za V zinataka waya uvutwe karibu mara mbili ya hapo. Ili zishike inabidi raba zikae zimeigusa gusa rimu. Na rimu langu lilikuwa linacheza, kila mzunguko linakwaruza raba, shwaa, shwaa, shwaa, kelele haivumiliki. Nikamwambia fundi legeza kidogo. Akalegeza, akaminya mkono wa breki, ukaja mpaka ukagusa usukani. Akanitazama. "Unaona?" Nikamwambia mzee, baiskeli ya mashindano haijengwi kwa ajili ya kusimama. Akanyamaza, akachukua hela yake akaihesabu mara mbili.

Jumamosi tukatoka kundi letu, tukapita Kisongo tukaelekea upande wa Monduli. Mwanzo raha tupu, tambarare, upepo nyuma, mimi nimelala kwenye fremu maana mauntenibaiki ni ndefu, na usukani ule unakuvuta mbele zaidi, mtu akikuona anajua unatafuta kitu ulichodondosha. Tukafika kwenye korongo, nikasema leo ndio leo, nikaruka chini bila kusimama, nikatupa baiskeli begani, nikakimbia nayo ng'ambo ya pili kama Mbelgiji. Bodaboda mmoja amesimama pale juu akapiga honi, "Pancha bro? Panda buku mbili nakufikisha." Nikamwambia sio pancha, ni saiklokrosi. Akasema hata hiyo tunabeba.

Baada ya korongo tukapanda kilima, na mnajua kila kilima kina upande wa pili. Barabara ya upande wa pili ni vumbi lile laini la kuzama, chini yake rasta, zile rasta zinazotingisha mpaka fillingi za meno. Wenzangu wakashuka taratibu. Mimi nikaminya breki, mikono ikaja ikagusa usukani kwa adabu kabisa, na baiskeli ikaongeza mwendo. Nikaminya tena. Nikaachia nikaminya kwa haraka haraka nikidhani zitajaa upepo kama za Fuso. Mguu nikaushusha uburuze, soli ya kiatu ikabaki nyuma. Goti likagonga kidude cha gia, ikaingia gia nzito kabisa, kana kwamba kuna mtu ameomba mwendo.

Pale chini ndio nikaona ng'ombe. Sio ng'ombe wachache wa kukatiza barabara, ni foleni, wamepangwa wamebanwa kati ya kuta mbili za zege, barabara inakata kona kushoto na mimi kona siwezi, mbele yangu moja kwa moja kuna geti liko wazi. Nikapiga kelele "Breki sina! Breki sina!" na mzee mmoja mwenye shuka jekundu akawasogeza ng'ombe wake pembeni kwa fimbo, taratibu tu, akanipisha nipite. Nikaingia.

Sasa kwa wale wa mjini, josho ni shimo la zege lenye dawa ya kuua kupe, ng'ombe wanatumbukia wanaogelea wanatokea upande wa pili. Lakini kabla ya shimo lenyewe kuna kidimbwi kifupi cha maji ya kawaida cha kuoshea kwato, ili tope lisiingie kwenye dawa. Mungu ni mwema, mimi niliishia kwenye kwato. Gurudumu la mbele lilizama kwenye yale maji, mimi nikaendelea, nikalala kifudifudi humo ndani, na niwaambie tu kwamba maji ya kuoshea kwato za ng'ombe mia na kitu yanakuwa yameshaacha kuwa maji. Nikainua kichwa, mbele yangu hatua kama nne ndio shimo la dawa. Nyuma yangu yule mtamba ananisukuma kwa pua, anaona namchelewesha.

Bwana mifugo akaja na daftari lake na kalamu sikioni. Akaniangalia mimi, akaangalia baiskeli imesimama kwa kichwa na usukani umetokeza juu ya maji.

"Huyu wa nani?"

Yule mzee mwenye shuka akajibu hata hajatabasamu. "Sio wa kwangu. Lakini ana pembe, muandike."

Walicheka pale, walicheka mpaka foleni ikavurugika na ndama wawili wakapita bila kuandikwa. Wenzangu ndio wakafika, na badala ya kunitoa wakatoa simu. Nikamwamkia mzee shikamoo nikiwa bado nimelala. Marahaba, akasema, halafu akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia mjini, akasema pole. Sijui ilikuwa pole ya kuanguka au ya kutoka mjini. Bwana mifugo alinishauri nijisuuze vizuri kwa bomba, na kuhusu ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, nisiwe na wasiwasi, hiyo ni ya ng'ombe.

Nikarudi kwa yule bodaboda wa buku mbili, baiskeli imefungwa nyuma, na akanidai buku tano kwa sababu ya harufu.

Fundi hakusema kitu. Alinyoosha rimu, akazamisha mkono kwenye lile boksi akatoa breki za kantileva, zile za zamani zenye waya wa kati, akasema hizi ndizo zinazoelewana na mikono yako ya resi. Na kweli hao watu wa saiklokrosi walizitumia miaka na miaka mpaka zilipokuja kuruhusiwa breki za diski mwaka 2010. Nikamuuliza kwanini hakuniambia mapema. "Uliniambia haijengwi kwa ajili ya kusimama."

Sasa hivi inasimama, ila hizi kantileva zinapiga yowe, foku nzima inatetemeka, unaisikia kilima kizima. Nikishuka upande ule ng'ombe wameshapisha kabla sijatokea kwenye kona, na bwana mifugo akisikia tu anafungua geti.