Rimoti kwanza, ndege baadaye

Jamaa mmoja tunafanya naye kazi hapa Nakuru amenionyesha ndege ya rimoti anayotaka kuagiza, imepakwa rangi za kijeshi, bawa liko chini ya tumbo, maridadi kweli. Nikacheka tu. Ya aina hiyo ndio nilianza nayo, na kule Njoro ilikaa hewani kama sekunde kumi hivi halafu ikaingia kwa mahindi ya wenyewe, tukaitafuta na watoto wa pale mpaka giza.

Shida haikuwa upepo. Ndege ikienda mbali na wewe, kulia ni kulia, lakini ikigeuka kuja kwako kila kitu kinapinduka, na mkono hauna habari. Siku hizi ikija kwangu nasukuma kijiti cha rimoti upande wa lile bawa limeshuka, linainuka, basi. Lakini hiyo ujanja inataka muda wa kufikiria na ile ya kijeshi haikupi, ukipunguza mwendo tu inaanguka kama jiwe.

Kwa hivyo mimi nasema chukua ile mbaya mbaya ya foamu, bawa juu, limepinda kidogo kama V, upana mita moja na nusu hivi ama pungufu kidogo, chaneli tatu au nne, yaani idadi ya vitu unavyoongoza kwa rimoti, kama injini na usukani. Ukiachilia vijiti inajaribu kujinyoosha yenyewe. Itavunjika, na hiyo ni sawa, gundi na selotepu na kesho uko uwanjani tena.

Pesa nyingi weka kwa rimoti. Ndege utaua tatu nne lakini rimoti nzuri ya 2.4 GHz (hayo ni masafa ya redio yake) utakaa nayo miaka, na unaichomeka kwa kompyuta ufanye mazoezi ya kuruka kwa simuleta, kama gemu, hata kama mvua inanyesha. Wengi hununua seti ya bei rahisi yenye rimoti ya kitoto halafu ndege ya pili inawalazimu kuanza upya, hapo ndio naona pesa inapotea.

Betri usicheze nayo. Hizi ni za lipo, aina ya lithiamu, na kila seli moja ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.3, na kama huruki wiki hii iache kwa 3.8. Usichaji ukiwa umelala, tafadhali.

Na kumbuka Nakuru tuko mita 1,800 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege inataka mbio zaidi kupaa na kutua kuliko vile video za watu wa pwani zinaonyesha. Enda asubuhi kabla upepo haujaamka. Kisumu pia, mchana ziwa linaanza kupuliza. Halafu kuna kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani, KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ndio wanasimamia, waulize kabla ya kuagiza, si mzigo ukishakwama.

Jamaa alisema ameelewa kabisa. Jana usiku amenitumia picha, ni ile ile ya kijeshi, sasa ya bluu.