Gari jepesi lenye betri: je, Project V ya Caterham inastahili kusubiriwa?

Caterham Seven, gari dogo la spoti la kampuni ya Caterham ya Uingereza, huingii kwa kufungua mlango. Unakanyaga kiti, unajishikilia, halafu unateremsha miguu yote miwili chini ya usukani kama mtu anayeingia kwenye mtumbwi mwembamba. Ukishakaa, uko chini kiasi kwamba mkono ukiuning'iniza nje unaweza kuigusa lami. Mbele yako kuna boneti ndefu, na pembeni mwake magurudumu mawili yaliyo wazi. Unayaona kwa macho yakipanda na kushuka kila yanapokutana na bonde. Toleo dogo kabisa, Seven 170, lina injini ya Suzuki ya cc 660 na uzito wa kilo 440. Weka bodaboda nne juu ya mizani, utapata uzito unaokaribiana na huo.

Nimeanza na Seven kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini tangazo la Julai 2023 lilizua mabishano makali kiasi kile miongoni mwa wapenzi wa magari ya spoti. Mwezi huo, kwenye tamasha la Goodwood kusini mwa Uingereza, Caterham ilionyesha gari linaloitwa Project V. Lina paa, lina milango ya kweli, lina viti vitatu, na halina tone la petroli. Mota moja ya kilowati 200 inasukuma magurudumu ya nyuma. Betri ni ya kilowati-saa 55, na kampuni ililenga mwendo wa kilomita 400 kwa chaji moja, kufika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 4.5, na bei isiyofika pauni 80,000. Uzalishaji, ilisema, ungeanza mwishoni mwa 2025 au mwanzoni mwa 2026. Lakini namba iliyowafanya watu wakae macho ni ya uzito: kilo 1,190.

Wapo walioiona namba hiyo wakasema hawa wamepotea, huu ni usaliti. Kampuni iliyoishi miaka 50 kwa kuuza magari yasiyofika kilo 700 inawezaje kujivunia kilo 1,190? Na wapo waliosema kinyume chake, kwamba katika zama ambazo gari la umeme la kawaida linapita tani moja na nusu bila kujitahidi, mtu anayeahidi kilo 1,190 ndiye pekee anayekumbuka somo. Mimi niko upande wa hawa wa pili kuhusu gari lenyewe. Kuhusu ahadi, niko mbali nao, na nitaeleza kwa nini.

Somo lenyewe ni la Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, kampuni ya Uingereza ya magari ya spoti, ambaye Seven ilitoka mikononi mwake mwaka 1957 kabla ya haki za kuitengeneza kuuzwa kwa Caterham mwaka 1973. Falsafa anayohusishwa nayo ni nyepesi kuishika: ukiongeza nguvu, gari linakimbia zaidi kwenye barabara iliyonyooka, ukipunguza uzito, linakimbia zaidi kila mahali. Kwenye kona, kwenye breki, kwenye mlima, kwenye pampu ya mafuta.

Watu wengi husoma uzito kama namba ya kujitapia, na hapo ndipo mjadala unapopotea njia. Uzito huzaa uzito. Gari likiwa zito linadai breki kubwa. Breki kubwa zinadai rimu kubwa. Rimu kubwa zinadai tairi pana na shokapu ngumu. Vyote hivyo vinadai chasisi nene ya kuvibeba, na chasisi hiyo inadai injini kubwa zaidi ya kuisukuma. Mwishoni unakuwa na mashine ya tani mbili inayotumia nusu ya nguvu zake kujibeba yenyewe. Mnyororo huo ukiuvuta upande wa pili, unafanya kazi vilevile. Lotus Elise, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1995, ilikuwa na chasisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi yenye uzito wa kilo 68 tu. Mwanaume mzima mwenye mwili wa wastani anaweza kuuzidi uzito huo. Kwa sababu chasisi ilikuwa nyepesi, gari zima lilikaa karibu kilo 725, na kwa sababu gari lilikaa karibu kilo 725, injini ya Rover ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 118, injini ya gari la familia, ilitosha na kubaki.

Sasa leta betri kwenye hesabu hiyo. Tangi la lita 40 likijaa petroli, mafuta yaliyomo yana uzito wa kilo 30 hivi, na yanapungua kadiri unavyokwenda. Betri ya kilowati-saa 55 kwa teknolojia ya leo kwa kawaida huzidi kilo 300, na ikiisha chaji inabaki na uzito uleule. Injini, giaboksi, rejeta na ekzosi vinaondoka, ni kweli, lakini havitoshi kufidia pengo hilo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaoipinga Project V, na ni hoja ya fizikia. Wanaowaita wapinzani hawa wazee wanaoogopa mabadiliko wanawakosea haki.

Hata hivyo, hoja hiyohiyo ukiifuata hadi mwisho inageuka. Tazama Lotus yenyewe, ambayo tangu 2017 iko chini ya Geely ya China. Gari lake kubwa la umeme, Eletre, linalotengenezwa Wuhan, lina uzito wa karibu tani 2.5 na betri ya kilowati-saa 112. Betri ya Project V ni nusu ya hiyo, na gari zima lilikusudiwa liwe na uzito usiofika nusu ya Eletre. Huo ni mnyororo uleule wa Chapman: gari likiwa jepesi linatosheka na betri ndogo, na betri ndogo inalifanya gari liwe jepesi zaidi. Kwa hiyo wepesi una faida kubwa zaidi kwenye gari la umeme kuliko ulivyokuwa nayo kwenye gari la petroli, kwa sababu nishati ileile ikiwa kwenye betri ina uzito mkubwa mno kuliko ikiwa kwenye tangi. Kama kuna mahali duniani maarifa ya watu wa Seven yanahitajika leo, ni hapa.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kilo 1,190 si namba ya mbali. Toyota IST, ile inayojaa kwenye foleni za asubuhi, ina uzito wa kilo elfu moja na ushei. Yaani Caterham inataka gari la spoti la umeme linaloipita IST kwa uzito wa abiria wawili au watatu hivi. Ukilitazama hivyo, neno usaliti halikai.

Wala kampuni haikukurupuka. Mwaka huohuo wa 2023 ilitengeneza Seven ya umeme ya majaribio, chini ya kilo 700, yenye betri inayopozwa kwa kuzamishwa kwenye kimiminika. Lengo lilikuwa mahususi: dakika 20 za kukimbiza gari kwenye uwanja wa mbio, dakika 15 za kuchaji, kisha dakika 20 nyingine uwanjani. Anayejua magari ya uwanjani ataona busara iliyomo. Adui wa betri ndogo ni joto: ukilikanyaga gari mfululizo, betri inapata moto, kompyuta inapunguza nguvu kuilinda, na burudani inaisha. Caterham ilisema wazi kwamba haikuwa na mpango wa kuiuza Seven hiyo katika hali ile. Ilikuwa ya kujifunzia. Ninaipa heshima kampuni inayojifunza kwanza.

Hapo sifa zangu zinasimama, maana historia ya Caterham ina kurasa mbili ambazo wanaoisubiri Project V hawazitaji vya kutosha.

Ukurasa wa kwanza ni wa 1994. Mwaka huo Caterham ilionyesha gari lililoitwa 21, lenye ufundi wa Seven chini ya bodi nzuri iliyofunika magurudumu, kwa mtu aliyetaka wepesi wa Seven bila kunyeshewa. Matarajio yalikuwa makubwa. Kisha Elise ikaja, ikitumia injini ya ukoo uleule wa Rover, ikiwa ya kisasa zaidi, na 21 ikaishia takriban magari 50. Tatizo la 21 halikuwa ubaya. Kampuni ndogo ilitoka nje ya uwanja wake, ikakutana na kampuni iliyojiandaa kuliko yenyewe.

Ukurasa wa pili unauma zaidi. Novemba 2012, Caterham ilipokuwa chini ya mfanyabiashara Tony Fernandes wa Malaysia, ilitangaza ubia wa nusu kwa nusu na Renault: watengeneze pamoja gari jepesi la spoti, moja litoke kwa jina la Alpine, chapa ya Renault ya magari ya spoti, jingine kwa jina la Caterham. Katikati ya 2014 ubia ulivunjika na Renault ikachukua hisa zote. Alpine A110 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na uzito wa kilo 1,100 hivi, na ikapokewa kwa shangwe kama mojawapo ya magari bora ya spoti ya kizazi chake. Gari la Caterham halikutoka kamwe.

Project V, basi, ni jaribio la tatu la kutoka nje ya Seven. Na nje ya Caterham upo mfano mchungu zaidi. Septemba 2017, huko huko Goodwood, TVR, kampuni nyingine ya Uingereza ya magari ya spoti iliyofufuliwa, ilizindua gari lake jipya, Griffith: injini ya V8 ya lita 5, uzito wa kilo 1,250 hivi, na muundo uliotumia mbinu za Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Durban aliyebuni gari la spoti la McLaren F1. Serikali ya Wales iliweka fedha zake. Wapenzi waliweka arubuni ya pauni 5,000 kila mmoja. Miaka ikapita, moja baada ya nyingine, bila mteja kukabidhiwa gari lake. Walioweka pesa zile hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa watu waliolipenda jina la TVR tangu ujana wao. Upendo ule ndio uliowafanya wasubiri kupita kiasi, na kila nikisoma habari zao najisikia vibaya kwa niaba yao.

Ninayaona mambo yanayoitofautisha Caterham. Seven inaendelea kuuzwa, kwa hiyo kampuni haiishi kwa arubuni za watu. Tangu 2021 mmiliki ni VT Holdings ya Japani, kampuni inayouza magari kila siku na ambayo tayari ilikuwa ikiingiza Seven nchini mwake. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Yamaha ingetoa mfumo wa mota, na betri ikatafutwa kwa Xing Mobility ya Taiwan. Hawa ni washirika wa kweli. Lakini mwaka 2012 pia mshirika alikuwa Renault, na hakuna aliyeweza kusema Renault si ya kweli.

Kuna jambo la sheria pia, na linaupunguza ule uharaka wa mwanzo. Aprili 2025 serikali ya Uingereza iliwaondoa watengenezaji wadogo kwenye marufuku ya kuuza magari mapya ya petroli ifikapo 2030. Caterham haisukumwi tena na ukuta wa tarehe hiyo nyumbani kwake. Wanaotaka Seven ya petroli na gia za mkono wanaweza kupumua. Mwenye kampuni, naye, anaweza kukaa na wahasibu wake na kuuliza kama fedha nyingi za Project V zina ulazima. Swali hilo likiulizwa ofisini, miradi ya aina hii ndiyo hutangulia kusogezwa mbele.

Kuhusu sauti ya injini na klachi, ambavyo gari la umeme halina, sitasema mengi. Anayependa kubadilisha gia kwa mkono wake hatashawishika kwa hoja, wala hapaswi kulazimishwa. Seven ipo kwa ajili yake.

Kwa hiyo anayeuliza kama Project V inastahili kusubiriwa namjibu ndiyo, kwa macho na si kwa mfuko. Lifuatilie, soma kila taarifa ya majaribio, lakini usitoe arubuni hadi gari la mteja wa kwanza litoke kiwandani na lipande kwenye mizani ya mtu asiye wa Caterham. Magari ya maonyesho huongezeka uzito yakielekea barabarani: mifuko ya hewa, vyuma vya kukinga mgongano, vizuia kelele, kila kimoja na kilo zake. Likisoma 1,250 nitafurahi na kuwaambia wapinzani waje waliendeshe. Likipita 1,350, zile kilo 300 za betri zitakuwa zimeanza kuuvuta mnyororo upande mbaya, na Alpine yenye petroli, iliyozaliwa kwenye ubia ambao Caterham iliupoteza, itakuwa bado nyepesi kuliko yeye kwa kilo 250.