Asilimia 793

Chekeni tu, hata mimi sasa hivi nacheka, ila usiku ule jasho lilinitoka. Wiki yangu ya kwanza kazini, zamu ya usiku, niko peke yangu na seva. Nafungua top, ile programu ya Linux ya kuonyesha nani anakula prosesa kiasi gani, nakuta programu moja imeandikwa 793. Asilimia! Nikafuta miwani nikatazama tena, 793 ile ile. Mimi najua mia ndo mwisho, sasa hizo mia sita na ushee imezitoa wapi? Nikasema hiki ni kirusi. Nikaenda mpaka kuishika seva, ya moto kweli (seva ikifanya kazi lazima ipate moto, ila saa nane usiku nani anakumbuka hayo).

Nikapiga kill, amri ya kuiomba programu ijifunge, haisikii. Nikapiga kill -9, hiyo haina salamu wala kuaga, programu inakufa papo hapo bila kusevu kitu. Namba zikaporomoka mpaka 2. Kifua mbele, nikamtumia bosi meseji: "Nimeokoa seva."

Simu ikaita hapo hapo.

"Shikamoo bosi."

"Umeua nini?"

Nikamtajia jina. Kimya, nasikia pumzi tu. Kumbe zilikuwa hesabu za mwisho wa mwezi, zinapigwa tangu saa moja jioni na zilibakiza nusu saa.

"Dogo, bonyeza 1." Nikabonyeza, ule mstari mmoja wa juu ukapasuka ikawa mistari 8. Yaani mashine ina prosesa 8, na top kwenye orodha yake ya programu inahesabu mia kwa kila prosesa, kwahiyo dari ni 800, na ile maskini ilikuwa inachapa kazi vile inavyotakiwa! Hesabu zikaanza upya, mimi nikaapa siui tena kitu.

Kesho yake bosi analalamika kompyuta yake ya Windows, programu yake imeganda. Nikafungua Task Manager, hiyo ndo top ya Windows, kwa madaha, naikuta ile programu iko asilimia 12 na nukta. "Bosi hii haina shida, iko mapumziko kabisa."

Akavuta kiti akakaa. "Hapa Windows mia ni ya prosesa zote kwa pamoja, zinagawana. Hii nayo ina ngapi?"

"8."

"Mia gawa kwa 8?"

12 na nusu, yaani prosesa moja nzima imejaa pomoni. Nikaanza kutafuta begi langu.