Simu Haijui Maji Yanajaa Saa Ngapi

Siku hizi mgeni akishuka Shela, kisiwani Lamu, haulizi njia. Anatoa simu, anafungua programu ya ramani, anaufuata mstari wa buluu kuelekea Kipungani, kijiji cha mwisho wa pili wa kisiwa. Vijana wetu nao wameshika mtindo huo huo. Sina ugomvi na simu. GPS inashika hata bila bando, mradi ramani umeishusha mapema, na aliyepotea nyuma ya vilima vya mchanga ataishukuru. Tatizo langu ni watu kuiamini katika mambo isiyoyajua.

Jambo kubwa isilolijua ni maji. Ufuo wa Shela una urefu wa kama kilomita 12, kivuli hakuna, na programu inakupigia hesabu ya umbali basi. Kwetu hesabu inaanzia kwenye mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanapwa mbali mwendo wa saa nne asubuhi, yanajaa mwendo wa saa kumi alasiri, na kila siku yanasogea mbele kwa dakika kama 50. Mtu akitoka asubuhi hukuta ufuo mpana, mchanga mgumu kama sakafu, akaenda raha mustarehe. Alasiri akigeuka, ile sakafu haipo. Mawimbi yako chini ya vilima, mchanga uliobaki unammeza hadi kifundoni, chupa ya maji imeshakauka, na kwenye kioo cha simu ule mstari wa buluu sasa umepita baharini. Wakati wa kusi usiseme, maana ufuo huu umeukabili upepo huo uso kwa uso.

Na maji ndiyo yanayozua mambo ya ardhi. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, ardhi iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapopwa ni ya umma. Yaani kile kipande kilicho chetu sote ndicho bahari inachokichukua mara mbili kwa siku! Yakikufukuza unapanda juu, na huko juu kuna wenyewe: viwanja vya watu, mashamba ya minazi na miembe, makaburi.

Niliwahi kumsikia mzee mmoja akiwaambia watembezi waliotokea kwenye shamba lake, simu mkononi: "Karibuni, wanangu. Lakini hii si njia. Ni mimi nimeikanyaga nikienda kisimani." Mtu alipita hapo simu ikirekodi njia aliyopita, akaipandisha mtandaoni, na wengine wakaona njia. Wake na binti za mzee huyo sasa wanachota maji huku wakichungulia nani anakuja. Hodi haikupigwa, maana simu haikusema kuna mlango.

Vile vilima navyo si vya kuchezea. Mvua inayonyesha pale huchujwa na mchanga na kukaa chini, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Majani yanayoushika mchanga yakikanyagwa na kila anayekata njia ya mkato, mchanga unahama. Ramani inauonyesha mkato huo kwa rangi ile ile ya barabara.

Kwa hiyo mimi nasema simu ibebwe, ila iwe ya mwisho kuulizwa. Muulize kwanza nahodha yeyote pale gatini maji yanajaa saa ngapi, hatakutoza kitu. Panga boti ya kukurudisha kutoka Kipungani kabla hujaondoka. Waachie watu wa nyumbani habari unatoka saa ngapi na unategemewa saa ngapi. Intaneti izime, chaji itakufaa ukitaka kupiga 999 au 112, ingawa kuna mahali mtandao wenyewe hukatika.

Kuna na kazi ya kufanya sisi wenyewe. Programu nyingi za matembezi huchota njia zake kutoka OpenStreetMap, ramani inayoandikwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na ndani yake kuna alama ya kuonyesha kwamba kijia fulani ni cha mtu binafsi. Kijana yeyote wa Shela mwenye akaunti anaweza kuiweka alama hiyo leo jioni. Aanze na kile kijia cha kisimani, baada ya kumuuliza mzee.