Kabla hujameza dawa ya minyoo, uliza ni minyoo gani

Bibi alifungua fundo la kanga, akatoa kiberiti, akakiweka taratibu juu ya kaunta ya maabara. Ndani yake kulikuwa na choo cha mjukuu wake, cha asubuhi ileile. Mtoto mwenyewe, wa miaka tisa hivi, alikuwa kwenye benchi ameegemea ukuta na macho amefumba, ingawa hakuwa na homa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu kila miezi mitatu nampa dawa ya minyoo, sijawahi kumkosesha. Lakini hebu muone alivyo. Na siku hizi anakwangua udongo wa ukutani anakula."

Nilimvuta kope la chini. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 6.8, yaani damu ilikuwa imepungua mno. Malaria hakuwa nayo. Nikachukua choo kidogo kwa kijiti, nikakichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, nikainama kwenye hadubini. Sikuhangaika kutafuta. Mayai ya safura, mnyoo anayenyonya damu utumboni, yalikuwa yametapakaa: ganda jembamba, angavu, na ndani vichembe vinne au vinane vimebanana.

Nikamuuliza bibi dawa anayompa ni ipi. Alikuwa amehifadhi pakiti, maana bibi huyu ni mtu makini kuliko wengi tunaowalaumu kwamba hawajali afya za watoto. Ilikuwa mebendazo, kidonge kimoja cha miligramu 500.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema leo. Kwetu neno "minyoo" limekuwa kama jina la mtu mmoja, na "dawa ya minyoo" ndiyo dawa yake. Ukweli ni kwamba hao ni viumbe tofauti, wanaingia mwilini kwa njia tofauti, wanadhuru sehemu tofauti, na dawa inayomuua huyu inaweza kumwacha yule akiwa mzima kabisa. Mwaka 2008 watafiti Jennifer Keiser na Jürg Utzinger walikusanya majaribio ya tiba za dozi moja na kuyachambua kwa pamoja. Kwa mchango, ule mnyoo mrefu wa mviringo unaofanana na nyungunyungu, mebendazo ya dozi moja iliponya watu 95 katika kila 100. Kwa safura iliponya 15 tu. Albendazo ya miligramu 400 iliponya 72 wenye safura. Kwa minyoo mjeledi, aina nyingine ya minyoo ya utumbo, dawa zote mbili zilikuwa dhaifu: albendazo 28, mebendazo 36.

Rudia kumtazama mtoto yule ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Bibi alikuwa anatoa pesa yake kila miezi mitatu kununua dawa ambayo, kwa mnyoo aliyekuwa tumboni mwa mjukuu wake, kwa kidonge kimoja, inaponya watu 15 katika 100. Mebendazo hiyohiyo ikitolewa miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku tatu hufanya kazi vizuri zaidi, lakini duka la dawa lilimpa kidonge kimoja na hakuna aliyemweleza.

Najua kuna swali linakuja: mbona shuleni watoto wanamezeshwa dawa bila kupimwa? Ni swali la haki. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio hatarini, na mpango huo mimi naupenda kwa moyo wote. Dawa ni salama, ni rahisi, na kumpima kila mtoto wa mahali penye minyoo mingi kungegharimu kuliko dawa yenyewe. Wanaotaka ushahidi watazame Busia, magharibi mwa Kenya, ambako kuanzia 1998 shule 75 zilipewa dawa kwa awamu, na Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia kilichotokea. Utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza kitu walinufaika, kwa sababu mayai yaliyoangushwa ardhini yalipungua. Kremer alikuja kushiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019.

Lakini ule ni mpango wa kupunguza mzigo wa minyoo katika kundi zima. Mtoto aliyeishiwa damu, au mtu mzima anayeumwa tumbo mwezi wa pili sasa, huyo ni mgonjwa. Mgonjwa anapimwa. Tatizo letu ni kwamba tumechukua utaratibu wa shuleni tukauleta nyumbani na kuufanya tiba ya kila kitu.

Na dalili tunazozifuata nyingi si dalili. Mtoto akisaga meno usiku, minyoo. Akitokwa na mate usingizini, minyoo. Akitoka mabaka meupe usoni, minyoo. Mabaka yale mara nyingi ni ngozi kavu au fangasi, na kusaga meno wanasaga watoto wasio na mnyoo hata mmoja. Kwa upande mwingine, mwenye minyoo michache mara nyingi hasikii chochote. Mnyoo hupiga hodi pale anapokuwa na wenzake wengi.

Dalili za kweli zinategemea nani yuko ndani. Safura hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, kwa hiyo mwanzo unaweza kuwa muwasho na vipele kwenye nyayo au kati ya vidole. Baadaye hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mtu anachoka, moyo unamwenda mbio akipanda kilima kidogo, kope zinapauka, na wengine hutamani udongo. Mama mjamzito anayemaliza vijiti vya udongo vya sokoni asichekwe, apimwe damu na choo. (Albendazo na mebendazo hazitolewi miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Aseme mapema kama ana mimba.)

Mchango unaingia kwa mdomo, kwenye mkono au mboga yenye mayai. Kabla ya kutulia utumboni mabuu yake hupita kwenye mapafu, ndiyo maana kikohozi kinaweza kutangulia. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mtoto mwenye mingi anaweza kuutapika au kuutoa kwa haja, na hapo nyumba nzima inashtuka. Cha kuogopwa zaidi ni minyoo inapojifunga fundo na kuziba utumbo: tumbo limevimba na gumu, anatapika, hatoi choo wala upepo. Huyo usimpe kidonge chochote. Mpeleke hospitali sasa hivi, huenda akahitaji upasuaji.

Vile vinyoo vidogo vyeupe kama nyuzi vinavyowasha sehemu ya haja kubwa usiku ni habari nyingine. Kipimo cha choo mara nyingi hakivioni, kwa sababu jike hutoka nje usiku kutaga kwenye ngozi. Asubuhi kabla mtoto hajaoga, bandika selotepu pale panapowasha, ibandue, iletwe maabara. Tiba ni ya nyumba nzima siku moja, inarudiwa baada ya wiki mbili, na siku hiyo mashuka yanafuliwa na kucha zinakatwa. Ukimtibu mtoto mmoja katika kitanda wanacholala watatu, umepoteza dawa.

Huku kwetu kando ya ziwa kuna kichocho cha tumbo. Yai lake lina mwiba ubavuni, ukiliona mara moja hulisahau. Albendazo hailigusi hilo gonjwa. Dawa yake ni prazikwanteli, inayotolewa kwa uzito wa mtu na kumezwa baada ya chakula. Nimewaona wavuvi waliomeza "dawa ya minyoo" miaka nenda rudi, ini limeshaharibika, wanafika wakitapika damu.

Amiba na jiadia nazo si minyoo kabisa, ni vijidudu visivyoonekana bila hadubini. Anayehara damu na makamasi anahitaji dawa tofauti, na choo chake tunakitaka kikiwa cha moto, ndani ya nusu saa, tuione amiba ikitembea. Na niwaseme wenzangu wa maabara hapa: tunaandika "amiba" kwa urahisi mno. Vifuko vya amiba kwa mtu asiyehara damu mara nyingi ni vya amiba nyingine isiyo na madhara, inayofanana na ile mbaya kiasi kwamba hadubini haiwezi kuzitenganisha. Tukikosa la kumwambia mgonjwa, tusimpe jina la ugonjwa ili tu aondoke na karatasi iliyoandikwa.

Nimeliacha tegu, mnyoo mrefu bapa wa kwenye nyama, mwisho kwa kuwa ndilo linalonitisha. Mtu huona vipande vyeupe, bapa, kama tambi fupi kwenye choo, wakati mwingine vinajisogeza. Tegu la ng'ombe ni usumbufu. Tegu la nguruwe ni hatari. Ukila kitimoto kisichoiva chenye vifuko vya buu, unapata tegu tumboni. Lakini mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa na kukuandalia chakula, unameza mayai yake, na mayai hayo yanaweza kwenda kutulia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huo wa ubongo. Mbulu na Mbozi, wanakofuga nguruwe wengi, ugonjwa huu unafahamika. Huko na kwingineko wapo watu waliofungiwa ndani wakidhaniwa wamerogwa, kumbe ni vifuko vya tegu. Ukiona vipande hivyo, na hasa kama uliwahi kuanguka kifafa au una maumivu makali ya kichwa, usijinunulie prazikwanteli dukani. Inaweza kuamsha uvimbe kwenye vifuko vilivyo ubongoni na kukuletea degedege. Muone daktari kwanza.

Kuhusu dawa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa mitandaoni kwa picha za vitu virefu vilivyotoka kwa watu, nina ombi moja. Mnyoo ukitoka, uletwe maabara kwenye kikopo. Nilivyoletewa mara kadhaa vilikuwa ute wa utumbo uliogandana baada ya kuharishwa kwa nguvu, na mtu alikuwa ameishiwa maji.

Kipimo cha choo kinapatikana hata kwenye vituo vingi vidogo. Leta choo kibichi, kidogo tu, ukubwa wa tende, kisichochanganyika na mkojo. Ukiambiwa "hakuna kitu" na dalili zipo, rudia siku nyingine, kwani mayai hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Ukipewa jibu, uliza jina la mdudu. Usikubali kuambiwa "una minyoo" tu.

Mjukuu wa bibi alipewa albendazo na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu, kwa sababu kuua safura hakurudishi damu iliyokwisha nyonywa. Walirudi baada ya hiyo miezi mitatu. Damu ilikuwa imepanda hadi 11.2, na mtoto alikuwa anakimbizana na mwenzake nje ya dirisha la maabara, ana ndala miguuni. Kwenye choo nilikuta bado mayai, machache. Nikamuuliza bibi kama choo cha nyumbani ni kizima.

"Cha kwetu kizima. Cha jirani kilititia masika. Watoto wa pale wote wanakwenda nyuma ya migomba, na hawa wetu ndiko wanakochezea."

Daktari akamwandikia dozi nyingine. Mimi nikampigia simu bwana afya wa kata, nikamtajia kitongoji na ile migomba.