Wimbo Usiokuwa na Mwimbaji

Kiongozi wa kikundi chetu alinitumia wimbo kwenye simu pamoja na agizo fupi: "Sehemu ya mwimbaji ni yako. Uje mazoezini umeishika." Nikachomeka hedifoni zilizobaki kutoka simu yangu ya zamani, nikafumba macho, nikamngoja mwimbaji aanze.

Hakuanza. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, yeye kimya. Nilichosikia ni vinanda vya pembeni, waitikiaji wakivuta "uuu, haiyee", na mwangwi wa mtu kama aliyetumbukia kisimani. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nikaona hiyo ndiyo sanaa ya hali ya juu, nikazikariri "uuu" zote, na mwangwi wa kisimani nikauweka kooni.

Mazoezini gitaa likaanza, kiongozi akaninyooshea kidole. Nikatulia. Akaninyooshea tena, safari hii na macho yamemtoka. Ilipofika sehemu niliyoijua, nikaachia "uuu" moja safi, ndefu, yenye madaha. Mpiga ngoma akaangusha fimbo kwa kicheko.

"Ndugu yangu, maneno yako wapi?"

"Maneno gani, bwana? Wimbo huu hauna mwimbaji. Hata besi hauna."

Hapo mpiga besi akaweka gitaa lake chini. La mwimbaji alikuwa amelivumilia. Akaninyang'anya simu, akavaa hedifoni, akasikiliza, akakunja uso. Kisha akanirudishia na kubana kitufe cha kupokelea simu kilichopo kwenye waya. Mwimbaji akaibuka katikati ya kichwa changu, besi ikimfuata nyuma. Alipoachia kitufe, wote wawili wakatoweka. Akabana, wakarudi.

Kumbe pini ya hedifoni zenye maikrofoni ina sehemu nne. Ncha hupeleka sauti ya sikio la kushoto, pete inayofuata ya sikio la kulia. Mbili zilizobaki ni za maikrofoni na njia ya kurudishia umeme, na hapo watengenezaji wa simu hawakuelewana: wengine walitanguliza hii, wengine ile. Hedifoni zangu zilikuwa za kambi moja, simu ya kambi nyingine. Umeme ukikosa njia ya kurudi, hupita spika ya sikio moja na kutokea kwenye ya pili, na kila kilicho sawa kushoto na kulia hujifuta. Mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati, sawasawa pande zote mbili. Ukibana kitufe, sehemu zile mbili zinaunganishwa, umeme unapata pa kupita.

"Tatizo ni hizi pete zako," mpiga besi akasema, akiniinulia pini nene ya waya wake mbele ya pua. Hiyo ya milimita 6.35 ni mtoto wa mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Mwaka 1878 huko Marekani, Charles Scribner aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya swichi ya tundu, ili mhudumu achomeke waya na kuwaunganisha wateja wawili. Gitaa la umeme limebaki na unene uleule mpaka leo. Mdogo wake wa milimita 3.5, huyu wa hedifoni, alikuja na redio za transista, Walkman, kicheza kaseti cha kutembea nacho cha mwaka 1979, ikamtembeza dunia nzima, na ingawa iPhone 7 ilimfukuza mwaka 2016, kompyuta nyingi bado zinamhifadhi. Ilipokuja stereo akaongezwa pete, ilipokuja maikrofoni akaongezwa nyingine.

"Yangu haina pete hata moja," akasema, "na haijawahi kupoteza mtu."

Kiongozi alitaka tuendelee na mazoezi. Mpiga besi akakataa. Akanikalisha kwenye kiti, akanivika hedifoni, akabana kitufe kwa mkono wake mwenyewe, akaucheza wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho huku amenikodolea macho.

"Haya. Umesikia nini?"

"Mwimbaji."

Akaurudisha mwanzo.

"Umesikia nini?"

"Besi, kaka. Besi tupu."