Mtuhumiwa: Mlango wa Kioo

Mimi si mtu wa malalamiko. Maji yakikatika nabeba ndoo, daladala ikijaa naning'inia, mwenye nyumba akipita najifanya nimelala. Lakini kupigwa kibao na kitu kisicho na mkono, mchana kweupe, mbele ya watu wanaokunywa juisi kwa mrija? Hapana. Hilo nimelikataa.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu, Mama Neema, anakaanga chipsi pale barazani, wateja wa zege, yaani chipsi mayai, wanaanza kujipanga saa 12 jioni, na muuza mayai wa mtaani kapandisha bei bila hata aibu. Nikasema niende kule kwenye jengo la vioo, nimesikia kuna ofa. Nikanunua trei moja, nikalipa, risiti nikachukua, nikawa natoka na heshima zangu. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama mwali aliyefundwa. Nikiwa katikati, simu ikalia. Meseji ya mweka hazina wa kikoba. Meseji ya namna hiyo huisomi huku unatembea. Nikasimama.

Mlango ukanifuata.

Ulianza na bega la kulia. Trei ikapaa. Kichwa kikaenda kugonga fremu ya aluminiamu upande wa pili, kisha mlango ukarudi nyuma kidogo, nikadhani umejutia. Kumbe unachukua kasi. Ukanirudia! Yalivunjika mayai 19. Nimeyahesabu, maana nilijua nitaulizwa nyumbani. Yalibaki 11, na moja kati ya hayo lina ufa.

Mlinzi akaja mbio. "Pole mzee. Huo mlango hautaki mtu asimame."

Anaujua! Tabia zake zinafahamika hadi getini, ila mimi mgeni nimeachwa nijifunze kwa paji la uso. Meneja naye alinipa pole na kikaratasi cha punguzo la asilimia 5 kwa manunuzi yajayo, yaani nirudi nipite palepale. Zahanati, nesi aliitazama nundu yangu kwa huruma kabisa, halafu akauliza lile swali: "Una PF3?"

Basi nikaenda kituo cha polisi kuifuata hiyo fomu, na nundu yangu na ute wa yai kwenye shati.

Kaunta alikuwepo kijana mmoja, mstaarabu, kalamu mkononi.

"Umepigwa na nani, mzee?"

"Mlango."

Akaiweka kalamu chini. Akainama kidogo, sauti ikashuka. "Mzee wangu, hapa upo salama. Sema tu. Ni mama?"

"Afande, ni mlango."

"Wiki hii wewe ni wa nne kupigwa na mlango. Wote mna ndoa."

Kwenye benchi watu wakaanza kusogea karibu. Alikuwepo bibi mmoja aliyekuja na kesi ya kuku, na kijana mwenye pingu ambaye sijui kafanya nini ila alionekana mzoefu wa mazingira. Nikaeleza upya, nikiwa nimesimama wima kama niko kizimbani: mlango wa kioo, unajifungua, unajifunga, ukanibana mara mbili.

"Mlikuwa na ugomvi kabla?"

"Hatufahamiani."

"Baada ya tukio ulikimbilia wapi?"

"Nilienda zahanati."

"Si wewe. Mlango."

"Upo palepale afande! Hivi tunavyoongea unaendelea kubana watu!"

"Kwa hiyo upo nje kwa dhamana," akasema yule wa pingu. Bibi wa kuku akacheka mpaka akashika ukuta.

Akatoka sajenti, mtu mzima, akaomba kusikia. Nikasimulia mara ya tatu, safari hii na mayai nikayaweka. Akatikisa kichwa, akamwambia kijana: "Andika amegongwa na mlango wa umeme." Kijana akajibu kwa adabu, "Afande, kugongwa ni trafiki." Wakatazamana. Nikapelekwa chumba cha trafiki. Kule nikaulizwa namba ya usajili.

Niliporudi kaunta nilikuwa nimechoka, nundu inapiga kama ngoma, natamani kusema ni Mama Neema yaishe. Kijana wa watu akanionea imani, akajaza fomu kwa mwandiko mzuri, akaipiga muhuri, akanipa. Nimefika nje naisoma. Chanzo cha majeraha: *kujigonga na mlango*.

Ku-JI-gonga.

Ndugu zangu, tazameni hako ka-"ji". Kadogo, kamejibanza katikati ya neno kama konda aliyekosa siti. Lakini kesi yangu yote imezama hapo. Nikigongwa, kuna mtu wa kuulizwa. Nikijigonga, wa kuulizwa ni mimi, na mlango unaweza hata kunidai kioo.

Nyumbani nikamkuta mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuo, anasoma sheria, huwa anakuja kutuzuru saa ya kula. Akaisoma PF3 akasema, "Mjomba, hii kesi ipo. Ni uzembe. Mwenye jengo ana wajibu wa kumlinda anayemkaribisha ndani." Akasema Wakenya wana sheria nzima ya mwenye jengo na mgeni wake, Sura ya 34, na humo bango la tahadhari peke yake halimsafishi mtu kama halimfanyi mgeni awe salama. Sisi huku, anasema, tunaegemea kanuni za Waingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

"Mwaka 1920 milango hii ilikuwepo?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa?"

"Kulikuwa na pipa la unga."

Nikakaa. Ni hivi: Uingereza huko, Liverpool, bwana mmoja anapita zake barabarani, pipa la unga likamdondokea kutoka dirisha la ghorofa la mfanyabiashara. Hakuna aliyeona lilivyoanza kudondoka. Mwaka 1863 majaji wakasema pipa halijitupi. Jambo linajieleza lenyewe. Mwenye pipa ndiye aje aeleze. Mpwa akapiga meza: "Na mlango vilevile! Mlango mzima haumbani mtu mara mbili!"

Majaji wa 1863 wanajua pipa halijitupi. Kituo changu mimi, mjomba mtu kajigonga.

Akaniletea na kesi nyingine ya mama wa Scotland aliyekuta konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi, iliyoamuliwa mwaka 1932. Nikauliza kama konokono na pipa vinaweza kuunganishwa kwenye shauri moja. Akasema konokono kaja baada ya 1920, kwa hiyo kwetu ni wa kushawishi tu, hamfungi jaji. Mimi kwa ile nundu nilikuwa tayari nimeshawishika. Muda wa kufungua madai ni miaka mitatu, kwa hiyo haraka hakuna, labda mayai. Halafu, wakati anajipakulia, akaniangusha: "Ila mjomba, ulisimama mlangoni ukisoma simu. Watasema umechangia uzembe. Fidia inakatwa."

Yaani hata kwenye kipigo nimetoa mchango. Kikoba kimenifuata mpaka mahakamani.

Jioni akaja mteja mmoja wa zege, fundi wa hiyo milango hasa. Nikampa kiti, nikamwongezea kachumbari, nikamuuliza. Akaniambia kile kidude cha juu ya mlango hakioni mtu, kinaona mwendo. Ukitembea upo, ukisimama umekufa. Ndiyo maana kuna vijicho vingine vya pembeni, kwenye fremu, vinavyolinda pale katikati: mwanga ukikatika kwa sababu mguu wako upo, mlango haufungi. "Pale," akasema huku anachovya chipsi kwenye pilipili, "vile vijicho walinambia nivitoe kwenye mstari. Nikakataa. Wakaita mwingine, akaunganisha waya juu kwa juu. Watu walikuwa wanasimama mlangoni, baridi ya AC inatoka nje."

Baridi inatoka nje.

Mimi nimecheka sana na hii nundu, ila hapo sikucheka. Nyuma yangu Jumamosi ile alikuwepo dada mmoja na mtoto wa miaka kama mitatu, anaburuta kandambili, kichwa chake hakifiki kiunoni kwangu. Mimi nina paji la uso la kuchezea. Yule ana nini? Tokyo mwaka 2004 mtoto wa miaka sita alibanwa na mlango wa kuzunguka kwenye jengo la fahari, akafa. Japani, mjue, wenye mafundi. Sisi tumechomoa macho ya mlango ili juisi isipate joto, halafu mtu akibanwa anaambiwa kajigonga!

Nilipopoa nikasoma kwenye simu, safari hii nimekaa, kwamba walioanzisha milango ya kuteleza ya kujifungua ni Wamarekani wawili, Horton na Hewitt, mwaka 1954, huko Corpus Christi, Texas. Upepo wa bahari ulikuwa mkali, milango ya kawaida inawashinda. Haya, wao walikuwa na upepo. Sisi walikuwepo walinzi wawili wamekaa pale pale, mikono minne. Konda wa daladala anafungua mlango kwa goti, anafunga kwa kisigino, kashika noti kwa vidole vyote, na kabla hajafunga anakuuliza, "Mzee, mguu umeingia?" Hana kijicho cha pembeni. Ana mdomo.

Hayo nilikuwa namweleza Mama Neema, nimefika mahali pazuri kabisa, yeye anasonya anahesabu mayai 11. Mpwa akaomba njia, akaenda chooni uani. Ule mlango wetu una bawaba moja tangu mvua za mwaka juzi, chini tumeuwekea tofali, na mwenye nyumba nimemwambia mara nne, ingawa siku hizi simwambii kwa sauti maana kodi ya miezi miwili bado.

Tukasikia kishindo, halafu sauti ya msomi kutoka uani:

"Mjombaaa! Hili jengo ni la nani?"